Uso Uliovuka Mpaka

Monique alikuwa amezoea kuvuka. Alizaliwa Bunia, akaolewa Ariwara, kote ndani ya Kongo, mumewe akafariki, na sasa alikuwa amepanga nyumba Pajulu, upande wa pili wa mpaka, pamoja na binti yake Annie, huku akiuza vitenge katika chumba kimoja cha duka mjini Arua. Mzigo aliufuata mwenyewe upande wa Kongo. Mara nyingi alirudi kwa njia ya Koboko, kwa sababu huko alikuwa na wateja waliopenda kuchagua kabla vitenge havijafika Arua na kushikwashikwa na kila mtu. Pale kwenye kizuizi cha mpakani walimfahamu. Walifungua robota, wakapitisha mkono kati ya vitambaa, wakamuuliza habari za Arua, wakamwambia apite.

Kisha mapigano yakazuka tena ng'ambo, na amri ikaja kwamba simu nazo zifunguliwe. Hakuna aliyeeleza wanatafuta nini. Wengine walisema picha za askari, wengine walisema majina ya watu fulani. Wasafiri wakaanza kubuni mbinu zao. Wapo walioacha simu kubwa nyumbani wakasafiri na kitochi, simu ndogo ya vitufe. Nestor, muuza viatu aliyekuwa akisafiri na Monique mara kwa mara, alifuta kila kitu, picha, ujumbe, hata majina ya ndugu zake, akafika kizuizini na simu tupu kama iliyotoka dukani siku ileile. Walimkalisha kwenye benchi mpaka kivuli kikahama, wakimuuliza ni mtu gani duniani asiye na mama wala rafiki.

Monique hakufuta kitu. Alijiambia hana la kuficha.

Zamu yake ilipofika, aliyekaa nyuma ya meza alikuwa mwanamume mrefu, mtu wa Koboko, mvi zimeanza juu ya masikio. Wenzake walimwita Yasiri. Hakuwa mkali.

"Mama, fungua simu, weka hapa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Monique aliandika namba yake ya siri, akaiweka simu mezani, akasimama. Hakujua mikono aiweke wapi. Aliishika mikoba, akaiachia, akaishika tena.

Yasiri alianza na ujumbe wa Watsapu. Alishuka na kidole polepole, akagusa mahali, na sauti ya mwanamke mzee ikatoka, kubwa, mbele ya watu wote waliopanga mstari.

"Monique, ulifika? Juu ya nini hautumi habari? Miye niko hapa tu, niko nakungojea."

Ilikuwa sauti ya mama yake, ambaye alizikwa Bunia mwanzoni mwa kiangazi. Ujumbe ule Monique aliusikiliza akiwa peke yake, mlango umefungwa, na hata hapo alijizuia asiusikilize kila aliposhikwa na hamu, maana aliogopa sikio litauzoea na siku moja autafute ndani yake yule mama asimpate. Sasa ulikuwa umesikiwa na wauza samaki wakavu, na waendesha boda, na mwanamke mmoja mwenye kuku. Mtu mmoja mstarini alicheka kidogo, bila ubaya, akasema, "Mama iko nangojea wewe."

"Zima, afande," Monique alisema. "Ule mutu alikufa."

Yasiri akazima. "Pole," alisema bila kuinua macho. Akatoka haraka kwenye ujumbe, akaingia kwenye picha, labda akidhani picha hazitasema.

Zilipita picha za vitenge vilivyotandazwa kitandani. Likapita goti la Monique lililovimba, alilolipiga ili amwonyeshe daktari. Akapita Annie katika gauni jeupe la kipaimara. Kisha kidole cha Yasiri kikasimama.

Picha ile ilikuwa ya uani, siku hiyohiyo ya kipaimara. Mwanamke mwenye kitambaa cha manjano kichwani alikuwa ameinama juu ya sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, amegeuka nusu kumtazama mtu asiyeonekana, na anacheka. Yasiri aliisogeza simu karibu. Akaipanua picha kwa vidole viwili mpaka uso ule ukajaa skrini yote.

"Huyu nani?"

"Rafiki."

"Jina yake?"

"Afande, juu ya nini unauliza jina ya rafiki yangu? Yeye haiko hapa. Hajavuka na kitu."

Yasiri alikuwa kama hakusikia. "Huyu ni Kiden," alisema, na hakuwa anauliza.

"Kiden simujui," Monique alijibu, na ilikuwa kweli. Mwanamke yule alimfahamu kwa jina la Agnes.

Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Yasiri aliishusha simu chini ya ukingo wa meza kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu mapajani mwake. Kisha akaifuta skrini kwa mkono wa shati, akamrudishia Monique kwa mikono miwili.

"Pita, mama."

Robota hakulifungua.

Agnes alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ametokea mlangoni pa duka la Monique miaka kadhaa nyuma, na kikapu kimoja, akaomba nafasi ya kuweka mashine kama ataipata. Mashine aliipata kwa kukopeshwa na masista, na tangu hapo alikaa karibu na dirisha akiwashonea wateja vitenge walivyonunua palepale. Alipanga chumba Dadamu, akalima nyuma ya chumba hicho viazi na mboga. Alizungumza Kiswahili cha Koboko, lakini Koboko hakwenda, hata Monique alipomwomba amsindikize na mzigo. Watu wa Arua wana mambo mengi waliyoyakimbia, kutoka pande zote za mipaka, na Monique alijifunza mapema kutouliza.

Jambo moja tu alilishangaa. Simu ikiinuliwa kwa ajili ya picha, Agnes aliondoka. Hakugomba wala hakujificha, aliondoka tu, akakumbuka maji, akakumbuka mtoto wa jirani. Siku ya kipaimara Monique alimwona akicheka uani, kicheko cha mwili mzima ambacho hakuwahi kukiona kwake, na kabla hajafikiri alikuwa amekwisha kupiga. Hakumwambia. Picha hakumtumia mtu yeyote. Aliipenda, basi, akaiweka.

Alipofika Arua hakusema lolote kuhusu mpakani. Alijiambia anasubiri wakati mzuri. Kisha simu ikapigwa, asubuhi moja, wateja wakiwa bado wachache.

"Mama, ni mimi. Yasiri. Wa kule kwa kizuizi."

Monique alimtazama Agnes, aliyekuwa akiingiza uzi kwenye sindano. Akatoka nje mpaka barabarani, kelele za pikipiki zikamzunguka.

"Namba yangu ulitoa wapi?"

"Kwa simu yako."

Monique akakata. Alisimama pale akiitazama simu kama kitu cha mtu mwingine. Hisia iliyompata ilikuwa ile ya kurudi nyumbani na kukuta godoro limebonyea mahali mtu alipokaa. Simu ikalia tena, hakuipokea. Ukaingia ujumbe wa maandishi.

"Mama, samahani. Mimi hapana tafuta shida. Yule ni mke yangu. Alitoka, mimi sijui kama iko hai ama alikufa. Nilitafuta mpaka kwa kambi za wakimbizi. Nataka kujua hiyo tu, iko mzima? Ukiandika ndiyo, nitaacha."

Neno moja. Monique aliliandika. Alijua kungojea neno moja ni nini, alikuwa na mama ambaye ndani ya simu ileile bado alimuuliza kama amefika na asingeweza kumjibu tena. Kidole chake kilikuwa juu ya mahali pa kutuma. Kisha akamfikiria Agnes pale dirishani, na jinsi alivyoondoka kila simu ilipoinuliwa. Alikuwa amewaona sokoni wanaume waliotafuta wake zao kwa sauti laini, na aliwaona wake hao baadaye. Hata kama huyu hakuwa mtu wa namna hiyo, lile neno halikuwa lake yeye kulitoa. Akalifuta herufi moja moja, akarudi ndani.

Alingoja mteja aliyekuwapo aondoke.

"Kiden," alisema.

Cherehani ikasimama. Agnes hakugeuka. Mkono wake ulibaki juu ya gurudumu la mashine.

"Nani amekuambia hiyo jina?"

Monique alimweleza yote, meza, mstari, kidole kilichosimama, simu ya asubuhi. Alimwonyesha ule ujumbe. Agnes aliusoma, akausoma tena, midomo ikitembea bila sauti.

"Picha gani?"

Monique akamwonyesha picha.

Agnes alijitazama akicheka juu ya sufuria. Uso wake haukubadilika, na hilo ndilo lililomtisha Monique.

"Nilikuwa nasema hapana kila siku," Agnes alisema. "Uliona."

"Niliona. Ulikuwa mzuri, Agnes. Sikufikiri."

"Mimi sijavuka mpaka tangu nilipofika hapa. Sijakanyaga Koboko. Nimejibana hapa kama mfungwa ili nisionekane." Alizungumza polepole. "Halafu wewe umenivusha kwa mfuko. Umenipitisha mpaka bila kuniuliza, Mama Annie."

Monique akaifuta picha palepale, mbele yake, akamwonyesha mahali ilipokuwa. Agnes akatikisa kichwa.

"Kwa simu imetoka. Kwa macho yake utaifuta na nini?"

Akakunja kazi iliyokuwa mashineni, akachukua kikapu, akaenda. Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Wateja waliulizia nguo zao na Monique akawaambia fundi ni mgonjwa. Aliitazama mashine iliyofunikwa kitambaa, akatamani kwenda Dadamu, akajizuia. Yasiri hakupiga tena wala hakuandika. Jina lake lilikaa ndani ya simu bila Monique kujua alifute au aliache.

Agnes alirudi mchana mmoja wa mvua. Aliingia akiwa amelowa, akaning'iniza kitambaa chake kwenye msumari, akakaa mahali pake bila kufunua cherehani. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu, duka likawa na watu wawili tu.

"Anafananaje sasa?" aliuliza.

Monique alielewa. "Ana mvi hapa," alisema, akigusa juu ya masikio. "Si mnene. Sauti yake ya chini."

"Sauti yake ilikuwa hivyo tangu zamani."

Akakamua maji kwenye upindo wa gauni lake. Monique akamwachia nafasi.

"Hakunipiga," Agnes alisema. "Usifikiri alinipiga. Baba yake alikuwa askari, babu yake askari, wao wanapigana kule wanakotumwa, nyumbani wanakaa kimya. Tulikuwa na mtoto. Shafiki. Alikuwa ameanza kusema maneno mengi, anauliza kila kitu. Homa ilimshika mtoto, Yasiri akiwa kazini mbali. Nilipiga simu. Akasema anaomba ruhusa. Nikapiga tena, akasema bado anaomba. Shafiki akafa asubuhi, mchana wanaume wa nyumba ile wakamchukua wakamzika, na mimi nimekaa ndani na wanawake. Yasiri alifika mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa."

"Alisema nini?"

"Alikaa nje. Wanaume wanakuja, wanampa pole, anaitikia. Nilimsikia kupitia ukuta. Alipoingia akasema ni mapenzi ya Mungu, akalala akageukia ukuta. Kesho yake hivyohivyo. Ningeweza kukaa kama angepiga kelele, Mama Annie. Hata kama angenilaumu mimi. Nikasema naenda sokoni. Nilikuwa na kikapu na simu."

Alivuta kitambaa cha cherehani, akaanza kukikunja, akakikunjua.

"Nilipofika Arua niliogopa. Watu walikuwa wanasema, simu yako ikiwashwa wanajua uko wapi. Nikaitupa chooni. Niliisikia inaanguka. Ndipo nikakumbuka Shafiki alikuwa ndani. Picha zote. Nilisimama pale juu ya choo cha watu mpaka wakagonga mlango."

Mvua ilikuwa imepungua, na sauti ya Agnes sasa ikasikika kubwa kuliko alivyotaka. Akaishusha.

"Uso wake unanitoka. Masikio nayakumbuka. Vidole nakumbuka. Pua inanitoka. Namuota ana pua ya mtoto mwingine."

Monique alitaka kusema kwamba labda Yasiri anazo picha. Alipomtazama Agnes alijua kwamba hilo ndilo alilokuwa akilifikiria siku zote zile kule Dadamu, na kwamba hakukuwa na haja ya kulisema.

"Ukivuka tena," Agnes alisema, "nakwenda na wewe."

Waliondoka asubuhi ya siku ya soko. Agnes alivaa gauni alilojishonea, la kitenge cha bluu, na simu yake akaiacha Dadamu chini ya mto. Koboko walipofika aliinamisha kichwa wakati gari likipita msikitini na maduka ya vyuma, kisha akakiinua na kutazama kila kitu, jengo baada ya jengo, kama mtu anayehesabiwa deni na kutaka kuhakikisha.

Kizuizini mstari ulikuwa mfupi. Yasiri alikuwa mezani. Monique alitaka kutangulia, Agnes akamshika mkono akampita.

"Simu," Yasiri alisema, akiandika kitu.

"Sina."

Kalamu ikasimama. Akainua macho.

Mtu aliyekuwa nyuma yao, mwenye jerikeni za mafuta ya kupikia, alisogea pembeni kuona kinachochelewesha. Yasiri aliinuka. Kiti chake kikaanguka nyuma, na hakukigeukia.

"Mama Shafiki," alisema.

Agnes alipepesa macho. Hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo tangu alipotoka na kikapu.

"Leo hakuna simu," alisema. "Hakuna kitu ya kupekua. Ukitaka kujua kitu, uliza mimi."

Yasiri alimwita mwenzake ashike meza. Wakasogea watatu hadi upande wa banda, penye kivuli cha ukuta, kwa sababu Agnes alikuwa bado ameushika mkono wa Monique na hakuuachia. Mwanamume yule mrefu alisimama mbele ya mkewe akitafuta la kuuliza. Alikuwa na mengi.

"Umekula?" aliuliza mwishoni.

"Nimekula."

"Unakaa vizuri?"

"Nashona. Nakaa vizuri."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Picha yangu ulichukua?" Agnes akauliza.

"Nilipiga picha ya ile picha. Chini ya meza." Hakujitetea. "Ilikuwa makosa. Hata namba ya huyu mama."

"Toa simu. Fungua."

Monique aligeuza uso Yasiri alipokuwa akiandika namba yake ya siri. Alipogeuka tena, simu ilikuwa mkononi mwa Agnes. Picha iliyoibwa ilikuwa ya kwanza kabisa. Ilitoka vibaya, imepinda, na juu ya kicheko cha Agnes kulikuwa na kivuli cha kidole gumba. Agnes aliitazama, akaifuta, simu ikamuuliza kama ana hakika, akajibu. Yasiri alivuta pumzi kwa pua, mikono yake ikabaki mgongoni.

Agnes hakumrudishia simu. Aliendelea kushuka. Zilipita picha za malori barabarani, za mbuzi, za nyumba ya mama yake Yasiri ikiezekwa upya, za wanaume waliovaa kanzu siku ya sikukuu. Miaka yote ambayo hakuwapo ilipita chini ya kidole chake, na hakusimama popote. Kisha akasimama.

Mtoto alikuwa amekaa ndani ya karai la maji, povu la sabuni kichwani, jicho moja amelifunga kwa nguvu na la pili anamtazama mpigaji picha kwa malalamiko.

"Pua," Agnes alisema.

Aliinua simu mpaka karibu na uso wake, kama Yasiri alivyofanya siku ile mezani, na Monique akaona jambo hilo, akatazama kando kwenye barabara. Machozi ya Agnes yalidondoka juu ya skrini, picha ikasogea yenyewe kwa kuguswa na maji, akaja mtoto yuleyule amelala ubavu juu ya mkeka, mkono mmoja chini ya shavu.

"Iko hizo mbili," Yasiri alisema. "Nikinunua simu ingine nazihamisha. Kwanza hizo, halafu kitu ingine yote." Akanyoosha kidole kwenye picha. "Mimi pia sina mtu ya kuonyesha. Nyumbani hawataki nitaje."

"Hata wewe hukutaja."

"Sikutaja."

"Nilikuwa nyuma ya ukuta, Yasiri. Nilikuwa nangoja uingie."

"Walininyima ruhusa. Niliomba mpaka wakanitishia. Halafu nikafika, na niliogopa kuingia kwa nyumba yenye Shafiki hayuko." Hapo akajifanya anatazama meza. "Mimi hapana jua namna ya kuingia."

"Ungeingia tu," Agnes alisema.

"Najua. Sasa najua."

Kule mezani mwenzake alimwita, mstari ulikuwa umerefuka. Agnes alijifuta uso kwa mkono wa gauni. Alimrudishia simu.

"Nakupa namba yangu," alisema. "Nakupa mimi mwenyewe, kwa mdomo. Tuma Shafiki, zote mbili. Usipige. Arua usije."

"Sitapiga."

"Watu wako wasijue niko wapi."

"Hawatajua."

Akamtajia, na Yasiri akaiandika, akairudia kwa sauti ya chini ili ahakikishe, kama mtoto anayefundishwa sura ya Kurani. Hawakuagana kwa mkono. Agnes na Monique walivuka, wakanunua vitenge, na waliporudi jioni aliyekaa mezani alikuwa mtu mwingine.

Siku iliyofuata Agnes alifika dukani kabla Monique hajafungua. Alikuwa na simu mkononi, na picha ya karai ikiwa wazi. "Zilikuwa zimeshafika," alisema. "Nilizikuta chini ya mto." Walikaa kizingitini na kuitazama, na Agnes alimsimulia Monique jinsi mtoto yule alivyochukia sabuni, jinsi alivyoita mwezi, jinsi alivyokuwa akimfuata baba yake hadi barabarani na kurudishwa akilia. Alisimulia mpaka soko likajaa.

Miezi ya mvua ilipita. Amri ya simu ililegea, kisha ikawa hakuna anayeitaja. Monique alivuka mara kwa mara, na Yasiri akiwapo alimsalimu kwa heshima, akapitisha mkono kati ya vitambaa, akamuuliza habari za Arua kama walivyofanya wote. Hakutaja jina la mtu. Ila alikuwa na namna ya kungoja kidogo baada ya Monique kujibu kwamba Arua ni kuzuri, kana kwamba Arua ilikuwa mtu mmoja na angependa kusikia zaidi juu yake. Monique hakuongeza kitu. Alikuwa amejifunza. Alirudi nyumbani na hakumwambia Agnes isipokuwa alipoulizwa, na Agnes aliuliza kila mara, akiwa ameinama juu ya kazi, "Kule mpakani je?"

"Yuko. Mzima."

"Haya."

Siku moja mchana, wateja wamekwenda kula, Agnes alikata uzi kwa meno, akasema, "Hapigi."

"Ulimwambia asipige."

"Najua nilichomwambia."

Alishona mshono mmoja hadi mwisho. Akaufumua, haukuwa umenyooka. Akaushona tena. Simu yake ilikuwa juu ya meza, kati ya mkasi na kipande cha chaki, na Monique alimwona akiitazama kama vile watu wa nyumba yenye mgonjwa wanavyoutazama mlango wa chumba chake. Mwisho Agnes akasimama, akaichukua, akapita mlango wa nyuma bila kuaga.

Dirisha lilitazama uani. Agnes alikuwa ameegemea ukuta karibu na pipa la maji, simu sikioni, mkono wa pili umeshika kiwiko chake mwenyewe. Kisha Monique akamsikia.

"Ni mimi," Agnes alisema, kwa Kiswahili cha Koboko. "Hapana, hakuna shida. Ni mimi tu."

Monique aliondoka dirishani. Maneno yaliyofuata yalikuwa yakija, ya chini na ya haraka, na ukuta wa duka ulikuwa mwembamba. Alitazama huku na huku, akaketi kwenye kiti cha Agnes, akaweka miguu juu ya kanyagio, akaanza kuiendesha cherehani kwa nguvu zake zote. Hakukuwa na kitambaa chini ya sindano. Uzi ulijikunja na kujifunga huko chini, fundo juu ya fundo, ambalo Agnes angelazimika kulifungua akirudi, na Monique aliendelea kukanyaga, chumba kizima kikiwa kimejaa kelele za mashine.